Fimbo ya Shaba kwenye Uwanja wa Baba

Mtshayelweni, 3 Machi 1998

Mpwa wangu Nomakhwezi,

Barua hii ikikukuta umelala, amka. Ikikukuta wodini, itie mfukoni mpaka wagonjwa wako wapate usingizi, maana ni ndefu na ina mambo. Sisi huku tu wazima. Mama yako analalamika magoti, lakini jana nimemwona akimfukuza mbuzi wa jirani mpaka kule mtoni, kwa hiyo usiyaamini sana hayo magoti. Mahindi yamebeba. Simu ya dukani bado bubu, wezi wamekata waya mara ya tatu, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa nyumba. Nyumba yako imesimama, mpwa wangu. Vyumba vinne, bati jekundu, tangi la maji ya mvua pembeni, na ndani kuna tangi la kuchemshia maji kama mlilo nalo huko kwa Waarabu. Watu wanatoka ng'ambo ya mto kuja kuitazama. Juzi mzee mmoja alivua kofia mlangoni akidhani ni kanisa.

Nyaya zote nimezitandaza mimi. Nisingemwachia mgeni nyumba ya dada yangu. Unajua nilikaa Welkom miaka kumi na minne, mita elfu mbili chini ya ardhi. Huko siku moja taa zilizimika mgodi mzima, watu mia tatu gizani, Wazungu wanalia na kuita mama zao. Nani aliyeunganisha? Nilishika nyaya mbili kwa meno, mkono mmoja nikiwa nimeshika tochi. Meneja alinipa soksi mpya na saa. Saa niliipoteza, lakini soksi mama yako aliziona.

Kimebaki kijikaratasi kimoja. Watu wa umeme wanasema hawaleti laini mpaka fundi mwenye leseni apime nyumba na kutia sahihi cheti cha nyaya. Nimewaambia, "Mnataka nani apime kazi yangu, malaika?" Wakacheka. Cheti kitapatikana, usihofu. Mimi siogopi karatasi.

Mama yako anasema ule, usikonde.

Mjomba wako,
Mzwamadoda

*

Taif, 29 Machi 1998

Mjomba Mvulane,

Nakuamkia kwa jina lako la ukoo, wewe na mama, na wote walio hai na waliolala katika ua wa babu. Barua yako imenifikia jana. Mimi mzima. Huku joto limeanza, tunafanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, lakini chakula kipo na sijakonda.

Ahsante kwa nyumba. Usiku nikifumba macho naliona hilo bati jekundu.

Mjomba, nakuomba jambo moja, na usilichukulie vibaya. Huyo mwenye leseni akija, mwache apime kila chumba. Asiharakishwe. Asipewe kiti na pombe kwanza. Nimemwekea mama tangi la maji moto kwa sababu ya magoti yake, na yeye atakuwa peke yake ndani. Hajui swichi wala waya. Akiona kitu kinawaka atakishika.

Najua kazi yako. Sisemi kwamba sikuamini. Nasema apime tu.

Nimeona mambo fulani huku wodini, lakini si ya kuandika.

Msomee mama barua yote.

Nomakhwezi

*

Mtshayelweni, 24 Aprili 1998

Mwana wa dada yangu,

Salamu zinatoka huku zimenona. Tumevuna, ghala limejaa mpaka panya wamekuwa na vitambi. Mama yako nimemsomea barua, amefurahi, ameniambia nikujibu kwamba yeye si mtoto.

Cheti kimepatikana, na nakuandikia chini ya taa ya umeme. Soma tena hapo: chini ya taa ya umeme, Mtshayelweni.

Alikuja mwenye leseni kutoka mjini, Bwana Mahlathi, na gari lenye ngazi juu. Mtu mkubwa wa tumbo na miwani. Akanitazama, nikamtazama. Akasema, "Nani kafunga hapa?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Umesomea wapi?" Nikasema, "Chini ya ardhi." Akafungua boksi la swichi, akalifunga. Akatoa kalamu, akatia sahihi juu ya boneti ya gari lake, akaondoka. Sijawahi kuona mtu mwenye leseni akiridhika haraka vile. Mvua ilikuwa inaanza, lakini mvua haihusiki.

Kuhusu kazi yenyewe alichouliza ni kimoja tu, ile fimbo ya ethi. Huenda hujui: ni fimbo ya shaba, urefu mita moja na nusu, inapigiliwa ardhini nje ya ukuta, waya unaunganishwa, ili umeme ukipotea njia ukimbilie ardhini badala ya kumkimbilia mtu. Hapo nilikuwa nimeshatumia akili ambayo haimo kwenye vitabu. Nyumba yako imekaa juu ya mwamba, pande tatu huingizi hata msumari. Udongo upo upande mmoja tu, uwanja wa zizini, na unajua nani amelala pale. Hatua tano kutoka ukutani. Je, nimchome baba yangu kwa fimbo ya shaba? Nani katika ukoo huu angefanya hivyo akalala usingizi?

Basi nikachukua kopo kubwa la rangi, nikalijaza udongo mzuri mweusi wa bustanini, fimbo nikaikata kwa msumeno ikatosha, nikaipanda humo, waya juu, nikaliweka ukutani. Mama yako kapanda maua, halionekani hata ni kopo la nini. Udongo ni udongo. Ikiwa nyumba haiwezi kwenda ardhini, ardhi imekuja nyumbani.

Kulikuwa na swichi moja ya usalama kwenye boksi, yenye woga sana, kila tukiwasha maji moto inaanguka. Nimeifundisha adabu kwa kipande cha waya. Sasa haianguki.

Mama yako anasema bomba la jikoni linamsalimia. Anasema akilishika kuna kitu kinatambaa mpaka kwenye kiwiko, kidogo, kama sisimizi. Nimemwambia nyumba mpya huwa hivyo.

Mzwamadoda

*

Taif, 17 Mei 1998

Mjomba,

Nawasalimu wote. Mimi sijambo. Barua yako nimeipata leo asubuhi na nakujibu leo hii.

Hapa hospitalini kuna fundi wa umeme, Msudani, anaitwa Bashir. Nimemtafsiria barua yako mstari kwa mstari. Alipofika kwenye kopo alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipofika kwenye swichi ya usalama aliacha kucheka. Akaniuliza, "Mama yako anavaa nini miguuni?" Nikasema kandambili za mpira. Akasema, "Basi ndizo zinazomweka hai."

Mjomba, hao si sisimizi. Umeme umeingia kwenye tangi la maji moto na umekaa kwenye mabomba yote. Unatafuta njia ya kwenda ardhini na hauna, maana udongo wa kwenye kopo hauendi popote, ni kama kisima kilichochimbwa kwenye beseni. Siku mama atakapolishika bomba hana viatu, sakafu ina maji, njia itakuwa yeye. Na ile swichi uliyoifunga ndiyo pekee ambayo ingemwokoa. Haikuwa na woga. Ilikuwa inakuita.

Nenda kwenye boksi sasa hivi, zima swichi kubwa. Usiwashe tena. Kamwite Bwana Mahlathi arudi, mwambie ukweli wa kopo.

Sikutaka kuliandika hili. Mwezi wa pili tuliletewa mwanamke aliyekuwa anafua nguo. Alikuwa na alama moja tu, ndogo, kwenye kiganja, ungedhani amechomwa na sindano ya kushonea. Nilimfunika mimi.

Na jibu swali hili, Mjomba: wewe mwenyewe umeshalishika hilo bomba?

Nomakhwezi

*

Mtshayelweni, 20 Mei 1998

Mpwa wangu,

Sijapata barua yako bado, posta yetu inatembea na fimbo siku hizi. Lakini nimeona nikuandikie kwanza kabla hujasikia kwa wengine wakatia chumvi.

Sote wazima. Baridi imeanza, nyasi zimekauka, mvua hakuna hata tone. Mimi navaa mabuti ya mpira kutwa kwa sababu ya baridi ya miguu. Watu wanacheka, "Mvulane, unasubiri mafuriko?" Waache wacheke. Hata ndani ya nyumba nayavaa.

Yule ndama mwenye baka jeupe amekufa. Alikwenda kunywa kwenye bomba la nje, pale panapovuja. Akapiga magoti kama anayesali, akalala. Moyo, nadhani. Mifugo ya siku hizi ina mioyo midogo. Mama yako alikuwa anamtazama dirishani.

Tangu siku hiyo anasema mambo. Anasema ni baba. Anasema nyumba imejengwa, moto umeingizwa, na baba hakuambiwa rasmi, hakunywa chochote, sasa anatushika mikono kupitia bomba akikumbusha. Kila asubuhi analigusa kwa ncha ya kidole na kumsalimia, "Umeamkaje, Tata?" Nimemkataza. Ananiuliza, "Kwani unaogopa nini, nawe ndiye fundi?"

Wazee wamekaa. Wamekubaliana achinjwe ng'ombe, pombe ya mtama ipikwe, nyumba ikabidhiwe kwa baba. Jumamosi, 20 Juni. Ukoo mzima unakuja. Wake za kaka zetu watafika Ijumaa kupika, na mama yako amewaahidi maji moto ya bomba, waache kuchota mtoni na baridi hii. Wote watakuwa thelathini na kitu hivi.

Mimi nalala vizuri. Nimeandika hivi kwa sababu tu taa ipo.

Mzwamadoda

*

Taif, 8 Juni 1998

Mjomba Mvulane,

Sina salamu ndefu. Muuguzi mwenzangu anapanda ndege kesho kutwa, ataipeleka barua hii mjini Mthatha na kumkabidhi dereva wa basi.

Wanawake wale watakuwa miguu peku. Unajua wake wa ukoo wanavyovua viatu wakiingia nyumba ya mkwe. Sakafu itakuwa imelowa. Watapokezana bomba moja.

Ndama hakufa kwa moyo na wewe unajua. Usingevaa mabuti kama hujui.

Babu hamshiki mtu mkono hapo, Mjomba. Aliyemshika mama ni wewe na mimi, wewe kwa waya na mimi kwa tangi nililolinunua.

Zima. Hata kama barua zangu nyingine zimepotea, zima kwa hii. Halafu msomee mama kila neno. Mimi ninajua kwamba unaruka mistari, maana huwa anajibu mambo ambayo sikuandika.

Kuna jambo jingine nimelifanya ambalo sitalitaja. Utanisamehe au hutanisamehe.

Nomakhwezi

*

Mtshayelweni, 22 Juni 1998

Mwanangu Nomakhwezi,

Mama yako yu hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata zikitaka.

Barua yako ya Mei ilifika tarehe 9. Niliisoma nyuma ya zizi. Nikazima swichi kubwa siku hiyo, naapa. Jioni mama yako akauliza kwa nini giza, nikasema laini imekatika. Kesho yake jirani akasema kwake taa zinawaka. Mama yako akanitazama tu. Nikawasha. Ndivyo ilivyokuwa. Nikizima, lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, mimi si fundi. Siku kumi na moja kabla ya ukoo kuja. Nikawa nakaa jikoni na mabuti yangu, kila akienda bombani nasema, "Acha dada, nitakuchotea." Alidhani nimekuwa mtu mwema.

Barua ya pili ililetwa na dereva wa basi Alhamisi. Nikaitia kifuani.

Ijumaa asubuhi walifika wake za ukoo, na wazee wakafuata. Kelele, sufuria, watoto, vicheko. "Nyumba kama ya waziri, Mvulane!" Mimi nacheka nao huku shati limenigandia mgongoni, na nje kuna baridi ya jalidi. Mke wa mtoto wa kaka yangu, yule bi harusi wa Desemba, akavua viatu mlangoni, akachukua beseni. Sakafu ilikuwa imeshamwagikiwa. Nilimwona anakunja mkono wa nguo. Alikuwa anasimulia kitu, anacheka, hatazami hata anakopeleka mkono.

Sijui nilifikaje kwenye boksi. Wanasema nilipita juu ya shemeji yangu mmoja aliyekuwa ameketi na viazi. Niliivuta ile swichi kubwa mpaka kipini kikabaki mkononi. Nikageuka. Bi harusi ameshika bomba, maji yanatoka, ananitazama na kusema, "Baba mdogo, una nini?"

Nikaficha kipini mfukoni.

Saa nane likaingia gari lenye ngazi juu. Mahlathi. Ameshika barua yenye mwandiko wako. Basi hilo ndilo jambo ulilokataa kulitaja. Nilikasirika, nisiseme uongo, kwa muda wa kuvuka uwanja. Alikuja peke yake na hakuwa na majivuno. Alisema mbele ya wazee wote, "Siku ile mto ulikuwa unajaa, nikaogopa kulala huku. Niliona kichwa cha fimbo kwenye maua nikaandika kwamba ipo ardhini. Sikupima hata chumba kimoja." Akatoa nakala yake ya cheti akaichana. Hakuwa ameridhika na kazi yangu, mwanangu. Alikuwa anautazama mto.

Kisha akaenda ukutani, akashika maua ya mama yako na kuvuta. Fimbo ikatoka na bonge la udongo.

Binamu yangu Phakamile, unamjua ulimi wake, akasema, "Loo, fundi wa Welkom kapanda mihogo."

Walicheka wote. Mahlathi hakucheka. Akawaeleza lile bomba, lile tangi, ndama. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Yule bi harusi alirudi ndani, akakaa chini, akawa anautazama mkono wake.

Nikatoa barua yako kifuani nikamsomea mama yako, kila neno, pale pale mbele ya watu. Na hapo pa mistari ninayoiruka. Nilipomaliza nikaongeza jambo ambalo hata wewe hukulijua: mgodini sikuwa fundi. Nilikuwa nashika ngazi ya fundi. Miaka kumi na minne nimetazama nyayo za viatu vya mtu akifunga nyaya, nikadhani nimejifunza.

Mama yako hakunitukana. Aliniuliza, "Kila asubuhi nilipokuwa namwamkia Tata, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Bado hajalizungumza hilo, na mimi nalisubiri kama mtu anayesubiri radi baada ya kuona mwanga.

Mahlathi akasema amekuja na fimbo mpya na hataondoka tena kabla haijaingia. Lakini ni upande ule ule, pande nyingine mwamba. Akaiweka pale ukutani, akatoa nyundo, akawanyooshea wanaume. Wazee kumi na moja, Nomakhwezi. Hakuna aliyepokea. Phakamile alikumbuka ana ng'ombe wa kumtazama. Basi nikaipokea mimi. Si ushujaa, ni kwamba nyundo haikuwa na pengine pa kwenda.

Fimbo iliingia shubiri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne ikagonga kitu. Mlio haukuwa wa jiwe. Mahlathi alisema, "Ni jiwe hilo." Hakuna aliyemwamini, na yeye mwenyewe alisogea nyuma. Nikaishusha nyundo. Nilitazama lile kaburi, hatua tano, nikajiambia mzee alikuwa mrefu, alikuwa mrefu sana.

Wake za ukoo hawakanyagi uwanja ule, lakini mama yako ni binti wa nyumba. Akavua kandambili. Akatembea mpaka pale, akapiga magoti yake hayo mabovu, akaishika fimbo kwa mikono miwili kuinyoosha. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempitia mtu kitandani, "Tata, kunja miguu kidogo. Wanataka kupita."

Akangoja. Sote tukangoja. Kisha akaniambia, "Piga."

Nikasema, "Mikono yako ipo hapo, dada." Akasema, "Naiona. Piga."

Nikapiga. Ikapita.

Mahlathi alimaliza kila chumba jana jioni. Alilala kwetu siku mbili, akabadilisha tangi, akaifungua ile swichi niliyoifunga, na kwenye mashine yake akanionyesha mshale ukisimama panapotakiwa. Cheti kipya kina jina lake na la mama yako. Langu halimo na sikuliuliza. Ng'ombe amechinjwa Jumamosi hiyo hiyo, maji tulichota mtoni.

Lakini cheti ni karatasi, mwanangu, na leo asubuhi mama yako ameamka akasema anataka kunawa. Nikamwambia ngoja kwanza, nianze mimi. Akasema umeshatangulia vya kutosha. Akaenda bombani miguu peku, makusudi, akanifanya nisimame mlangoni. Mkono wake ulipofika nilishindwa kutazama. Nilifumba macho, mimi Mzwamadoda. Nikasikia maji. Yakaendelea kutoka. Yakaendelea. Kisha nikasikia dada yangu akiuliza nani kaondoka na sabuni yake.

Anakusalimu. Amesema nikuandikie neno hilo moja lilivyo, nisiongeze.

Mzwamadoda